Picha Ambayo Mama Hakuikataa

Kwenye mwili wa binadamu kuna mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa ya damu moja kwa moja, ikiwa hai na ikiendelea na kazi yake, bila kumpasua mtu. Ni nyuma kabisa ya jicho. Kwingine kwingi imejificha chini ya ngozi na nyama, lakini jicho lina dirisha lake mbele, lile duara jeusi la mboni. Mwangaza ukipita hapo vizuri, unaona mpaka ukuta wa nyuma: rangi ya chungwa lililoiva, mishipa imetambaa kama mito kwenye ramani ya shule, na upande mmoja kuna duara la manjano hafifu ambapo neva inaanza safari ya kwenda ubongoni. Ukuta huo ndio retina. Kila unachokiona, hata maneno haya, kwanza kinaangukia pale.

Pengine umewahi kuona mwanga wa retina ya mtu bila kujua. Zitafute zile picha za harusi za miaka ya tisini, zilizopigwa usiku kwa flashi, ambapo bwana harusi ana macho mekundu kama jini. Ule wekundu ni mwanga wa flashi ulioingia kwenye mboni, ukagonga nyuma ya jicho palipojaa damu, ukarudi kwenye kamera. (Na kama kwenye picha za mtoto wako jicho moja linarudisha mwanga mweupe badala ya mwekundu, usingoje. Mpeleke akaangaliwe, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho.)

Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyetangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, mwaka wa 1851. Tangu hapo madaktari wamekuwa wakichungulia, lakini ni wao tu. Mwenye jicho aliambiwa kuna shida ama hakuna shida, akaamini ama hakuamini, akaenda nyumbani. Baadaye zikaja kamera za retina: mashine nzito za kuwekwa mezani, ghali, zinazotaka stima na mtu aliyefunzwa kuzitumia. Kwa hivyo zikakaa kwenye hospitali kubwa, na wagonjwa wengi wakaishi na kuzeeka mbali nazo.

Nayasema haya kwa sababu ya mama yangu.

Mama ni fundi wa nguo hapa Nakuru. Ana cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya stima, kwenye kibanda cha mabati ambacho mchana kinawaka joto kama jiko. Ana sukari, miaka 12 sasa. Na mama hapendi picha. Kwenye albamu yetu yuko mgongo, yuko nusu uso, yuko nyuma ya mtoto wa mtu. Sababu aliwahi kunipa mara moja tu: picha inabaki na sura yako ya siku uliyokuwa umechoka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Baba alifariki, karo ikakosekana, na hadithi ikaisha hapo bila makelele. Siku hizi naandika kwa vibarua: maelezo ya bidhaa za watu nisiowajua, makala za tovuti, mahojiano yaliyorekodiwa ambayo mtu anataka yawe maandishi kabla ya asubuhi. Simu ndiyo ofisi yangu. Ikizimika, nimefutwa kazi hadi stima irudi. Kwa hivyo nyumbani mimi ndiye mtu wa mambo ya simu, na mama aliponiambia kwamba kliniki ya sukari wameleta kijana anayepima macho kwa simu, swali lake lilikuwa la moja kwa moja. "Hiyo kitu iko, ama ni ya kutudanganya?"

Iko. Tena sehemu ya hadithi yake imetokea hapa hapa kwetu.

Mwaka wa 2007 na 2008 watafiti waliwapima macho watu 4,414 wa wilaya ya Nakuru, wote wa miaka 50 na zaidi, kutoka vijiji na mitaa 100. Kufikia 2013 timu nyingine ikarudi kuwatafuta watu wale wale, ione ni nani amepoteza kuona na kwa nini. Aliyeiongoza ni daktari wa macho kutoka Uingereza, Andrew Bastawrous. Walizunguka na vifaa vya pesa nyingi kwenye gari, wakafika mahali ambapo barabara ni jina tu na stima haijawahi kuonekana. Lakini amesimulia kwamba hata huko, mara nyingi, kulikuwa na netiweki. Mama mzee hana umeme, lakini mjukuu yuko Nairobi na lazima apige.

Hapo ndipo wazo la simu liliposhika. Yeye na wenzake walitengeneza programu ya kupima uwezo wa kuona, halafu kifaa cha kuvalisha kwenye kamera ya simu ili ipige picha ya ndani ya jicho. Kazi hiyo ikawa Peek. Walipokipima kile kifaa hapa Nakuru, picha zilipigwa na watu wawili: mmoja mwenye uzoefu wa kupiga picha za retina, mwingine asiye na mafunzo yoyote ya afya. Walikuwa wanatafuta lile duara la neva, ambalo ndilo linaloonyesha madhara ya glaukoma, ule ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho. Picha zao zikalinganishwa na za kamera kubwa ya mezani. Matokeo yalichapishwa 2016: za simu zilisomeka karibu sawa na za mashine, na yule asiye na mafunzo hakuachwa nyuma.

Kwangu, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo habari. Mtu wa kawaida, akionyeshwa vizuri, anaweza kupiga picha ambayo daktari aliye mbali anaweza kuisoma.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Flashi ya simu na kamera yake ziko karibu sana, kama pua na mdomo. Hiyo ni bahati, kwa sababu ukitaka kuona ndani ya chumba kupitia tundu la ufunguo, lazima tochi na jicho lako vipite njia moja. Kifaa kinapunguza na kuelekeza ule mwanga, na lenzi inasaidia kamera kuona kilicho nyuma ya mboni. Kuna njia nyingine ya bei nafuu zaidi, ambapo mpimaji anashika lenzi ndogo ya mkononi mbele ya jicho la mgonjwa, simu kwenye mkono wa pili, flashi ikiwa imewashwa, anarekodi video. Taswira inakuja imepinduka, juu chini. Baadaye anasimamisha video pale ilipo safi, anachukua picha. Mkono ukitetemeka, unaanza upya.

Lakini mboni ni mlango unaojifunga ukimulikwa. Kwa hivyo mara nyingi kwanza unatiwa matone ya kuupanua. Yanawasha kidogo, halafu unangoja. Mboni zikishapanuka, kwa masaa kadhaa jua linakuumiza na vitu vya karibu vinakuwa ukungu. Kwa fundi wa nguo, hayo masaa ni siku nzima ya kazi. Mama aliyajua hayo kabla hajatiwa, alimuuliza kijana, akapiga hesabu ya sketi za sare zilizokuwa zinamngoja, kisha akasema sawa. Kijana alikuwa na adabu. Kila hatua alimwambia, "Mama, sasa nakuja karibu," "Mama, tazama ule msumari ukutani, usinitazame mimi." Ilichukua kama dakika tano kwa macho yote mawili.

Alipomaliza akageuza simu. "Mama, hili ni jicho lako la kulia. Ndani."

Mama akaishika mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. Hakuona kitu. Matone yalikuwa yamemfanya asione chochote cha karibu, hata picha ya jicho lake mwenyewe. Ikabidi nimweleze mimi: ni ya rangi ya machungwa, kuna mishipa, kuna madoa. Akanyamaza. Halafu mama yangu, ambaye hata picha ya kitambulisho alipigwa kama mtu anayekamatwa, akasema, "Ichukue kwa simu yako. Nitaiangalia kesho."

Aliiangalia asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, na miwani yake ya kusomea puani. Mimi nilikuwa nimesoma mambo mengi usiku na nilikuwa tayari kumfunza. Hakunihitaji. Alivuta picha kwa vidole viwili kama anavyovuta mitindo ya nguo za wateja, akafika kwenye vidoa vyekundu, akafika kwenye vipele vya manjano, akasema, "Hapa kitambaa kimeanza kuchuja rangi."

Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya ugonjwa huu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za ile mishipa midogo zinachoka. Zinavimba vitone vidogo, zinavuja damu, zinavuja maji na mafuta. Mishipa mingine inaziba, na sehemu ya retina inakosa hewa. Retina, kwa njaa hiyo, inaita mishipa mipya iote. Inaota kweli, lakini ni dhaifu kama uzi wa bei rahisi: inakatika, inamwaga damu ndani ya jicho, inaacha kovu, na kovu likikaza linaweza kuibandua retina kutoka ukutani. Ubaya wake ni kwamba kwa muda mrefu hakuna maumivu na hakuna giza. Mtu anasoma Biblia, anatia uzi kwenye sindano, na nyuma kitambaa kinachuja. Ndiyo maana mwenye sukari anaambiwa apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Hasa kama anaona vizuri.

Picha zilitumwa kwa daktari bingwa wa macho katika mji mwingine. Jibu lilirudi baada ya siku mbili. Jicho la kushoto, vidoa vichache, arudiwe kutazamwa. Jicho la kulia, mishipa mipya imeanza kuota, anahitaji leza, na ni suala la wiki, si la mwaka ujao.

"Lakini naona," mama alisema.

Kulikuwa na jambo jingine. Sokoni alikuwepo muuza mitumba, jirani ya kibanda chetu, aliyekwenda kuchomwa leza na baada ya miezi akawa haoni. Kila fundi na kila mama mboga wa ile laini anaijua hiyo hadithi, na inasimuliwa kwa ufupi: alienda, wakamchoma, akapofuka. Kinachoachwa ni kwamba alienda wakati tayari anaona utando mweusi ukielea, damu ishamwagika ndani. Leza haifufui kilichokufa. Kazi yake ni kuzuia kilichobaki kisiende. Hospitali ikifikiwa mwishoni kabisa, ndiyo inayoonekana imeua. Watu wetu si wajinga kwa kuogopa. Wanahesabu walichokiona, na walichokiona ni wale waliochelewa.

Hapo ndipo picha ilipofanya kazi ambayo mimi na maneno yangu yote tusingeweza. Mama hakuhitaji kuniamini mimi wala kijana wa kliniki wala daktari asiyemjua. Aliamini doa. Miaka thelathini ameishi na vitambaa, anajua doa likianza dogo linaenda wapi.

Kuamini kulikuja haraka. Pesa haikuja.

Niseme ukweli wa nyumba yetu. Ndugu yangu mdogo yuko kidato cha tatu. Mimi nikiwa nimeacha chuo, mama aliapa mbele ya kaburi la baba kwamba hataona mtoto wa pili akirudi nyumbani na sanduku. Leza ilikuwa na bei yake, bima ingebeba sehemu tu, na juu ya hiyo kuna nauli ya watu wawili, mahali pa kulala, na siku za kibanda kufungwa. Jumla ilikaribia sana karo ya muhula. Usiku tulikaa mezani na daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika hesabu kwenye ukurasa wa nyuma. Halafu akafunga daftari akasema, "Jicho moja linatosha kushona. Karo nusu haitoshi kusoma."

Mtu anaweza kuandika makala ndefu kuhusu teknolojia na afya bila kukutana na sentensi kama hiyo. Nimeandika makala kama hizo mimi mwenyewe, kwa malipo, na wahariri wanapenda ziishie pale simu inapoangaza jicho.

Kuna utafiti mwingine wa hapa Kenya ambao naurudia sana kichwani. Ulifanywa Trans Nzoia, ukachapishwa 2018, kwenye shule 50 na watoto zaidi ya 20,000. Walimu walipima macho ya watoto. Kwenye nusu ya shule walitumia simu, na mtoto aliyepatikana na shida, wazazi walipewa picha inayowaonyesha jinsi mtoto wao anavyouona ubao, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kwenye nusu nyingine walitumia chati ya kawaida na barua ya kawaida. Kwa barua, watoto 22 kwa kila 100 waliotumwa hospitali walifika. Kwa picha na ujumbe, wakafika 54.

Ukiisoma haraka, ni ushindi, na ni ushindi kweli: zaidi ya mara mbili. Sikuiona nusu ya pili ya hesabu mpaka ilipokuwa nyumbani kwangu. Watoto 46 kwa kila 100, wazazi wao wakiwa wameonyeshwa kwa picha, wakiwa wamekumbushwa, bado hawakufika. Siamini hao wazazi hawakuwapenda watoto wao. Nawaona wamekaa mezani na daftari.

Kilichomfikisha mama ni chama. Wako wanawake 14, wanachanga kila mwezi, mmoja anabeba. Zamu ya mama ilikuwa Novemba. Ilikuwa Mei. Kwenye mkutano wa Jumapili hakulia wala hakusimulia sana. Alipitisha simu yangu mkono kwa mkono, jicho lake la kulia limejaa kioo, akawaonyesha kwa kidole kilipoanza kuchuja. Mwanamke aliyekuwa na zamu ya Mei, anayeuza samaki wa kukaanga karibu na stendi, aliishika ile simu muda mrefu kuliko wengine. Yeye pia ana sukari. Akasema, "Chukua yangu. Mimi nitabeba Novemba." Akamrudishia simu, akaomba chai iongezwe.

Leza yenyewe mama anaieleza kama radi za kijani. Unaketi, kidevu kwenye kishikizo, unatiwa dawa ya ganzi na lenzi inagusa jicho, halafu mwanga unapiga, unapiga, unapiga, mamia ya vidoa. Kuna mahali inauma, kama sindano iliyokosa kitambaa. Ilifanywa mara mbili, wiki kadhaa katikati. Kila kidoa ni jeraha dogo la makusudi pembeni mwa retina, ili ile njaa ipungue, isiendelee kuita mishipa mibovu. Unatoa sehemu ya pembeni ili katikati ibaki. Walimwambia mapema kwamba kuona kwa usiku kunaweza kupungua kidogo, na kumepungua. Jioni sasa ananishika mkono tukivuka barabara, na anajifanya ananivusha mimi.

Baada ya mwezi akaanza kulalamika. "Nimelipa pesa zote hizo na naona vile vile."

Nikamwambia hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa. Alilipa ili aone vile vile. Akaguna. Ni ngumu kumuuzia mtu kitu ambacho kikifanya kazi hakionekani. Kanisani watu wanatoa ushuhuda wa aliyekuwa kipofu akaona. Hakuna anayesimama kusema nilikuwa naona na bado naona.

Kwa hivyo ile picha ya pili, ya miezi mitano baadaye, ilikuwa muhimu kama ya kwanza. Kijana yule yule, simu ile ile, msumari ule ule ukutani. Siku iliyofuata tukaziweka mbili pamoja, mwezi wa tano na mwezi wa kumi. Ile mishipa mipya ilikuwa imenyauka. Madoa ya damu yalikuwa yamepungua. Pembeni pote kulikuwa na alama za leza, safu kwa safu, kama chaki ya kukatia nguo. Mama alizikagua kama anavyokagua kazi ya fundi mwingine. "Ameshona mbali mbali," alisema, "lakini imeshika."

Watu wananiuliza, kwa sababu wanajua naishi mtandaoni, kama sasa mashine zitasoma hizi picha na madaktari hawatahitajika. Zinasoma, hilo si ndoto. Mwaka wa 2016 watafiti wa Google walionyesha programu iliyofunzwa kwa picha zaidi ya 128,000 za retina, ikitambua madhara ya sukari kwenye macho vizuri sana. Mwaka wa 2018 Marekani iliruhusu mfumo wa kwanza wa kompyuta unaotoa jibu bila daktari kuisoma picha kwanza. Lakini kabla ya mashine kujua doa ni nini, kuna watu walikaa wakaziangalia picha moja moja wakaziandikia majibu. Mimi nimewahi kupata kibarua cha aina hiyo, si cha macho, cha barabara: kuchora visanduku kuzunguka magari ya miji ambayo sitafika, senti kwa picha, ili gari la mtu lijifunze kuona. Najua mashine inaona kwa macho ya nani.

Na najua pia kinachotokea nje ya maabara. Google walipoipeleka programu yao kwenye kliniki za Thailand, na huko ni kwa kamera halisi za kliniki, waliripoti mwaka wa 2020 kwamba karibu asilimia 21 ya picha zilikataliwa na mfumo. Vyumba havikuwa na giza la kutosha. Intaneti ilikuwa ya polepole. Wauguzi walikuwa na foleni. Mgonjwa ambaye picha yake imekataliwa anaambiwa aende kumwona daktari mji mwingine, siku nyingine, kwa nauli yake. Simu ina mipaka zaidi: inaona eneo dogo kwa wakati mmoja, na ikiwa mgonjwa ana mtoto wa jicho, dirisha lenyewe lina ukungu na hakuna picha itakayopenya. Sisemi hivi kuidharau. Mama yangu anatia uzi kwenye sindano kwa sababu ya simu. Nasema tu kwamba picha, iwe imesomwa na daktari ama na mashine, inamaliza swali moja na kufungua lingine, na hilo lingine huwa linauliza shilingi ngapi.

Zile picha mbili mama alinifanya nimhamishie kwenye simu yake. Ziko katikati ya mitindo ya vitenge na sare za kwaya. Mteja akichagua mtindo, anapeleka kidole kushoto, kushoto, anakutana na duara kubwa la machungwa. Mmoja aliuliza kama ni sayari. Mama anaeleza akiwa na pini mdomoni, kisha anauliza bila aibu, "Wewe umepima sukari lini? Na macho?" Mpaka sasa ametuma watu sita kwenye ile kliniki. Wanne walikuwa salama. Wa tano anatakiwa kurudi baada ya miezi sita.

Wa sita ni yule mama wa samaki. Macho yake yote mawili yanachuja, la kushoto zaidi, na jibu la daktari lilikuwa kama la mama: ni suala la wiki. Novemba imekaribia na zamu ni yake, lakini mchango wa chama unatosha jicho moja. Jumapili ijayo mama anaenda kwenye mkutano na picha za mwenzake kwenye simu, kuomba wanachama waongeze, na ameniambia niende naye, nimsaidie kuzikuza vizuri ili kila mtu aone.